Cheti ninacho, ufunguo ninao, ila chumba cha kompyuta nimekifunga

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya sekondari ya serikali iliyoko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Moshi Vijijini. Nina umri wa miaka 46, na kati ya hiyo, 21 nimeitumia ubaoni. Naomba jina langu na la shule yangu yasitajwe, kwa sababu haya ninayoyaandika sijamweleza mtu yeyote, hata mume wangu.

Mwaka jana shirika moja lilituletea kompyuta 12 za mezani zilizokwisha kutumika, na pamoja nazo ikaja nafasi ya mwalimu mmoja kwenda Arusha kwa mafunzo ya siku 5 kuhusu TEHAMA darasani na uandishi wa programu za kompyuta, yaani ile kodingi ambayo vijana hawaishi kuitaja. Mkuu wa shule alinichagua mimi. Alisema mbele ya walimu wote kwamba anayeziweza hesabu hawezi kushindwa na kompyuta, na wenzangu wakapiga makofi. Ukweli ni kwamba kifaa pekee nilichokuwa nimekizoea ni kishikwambi tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya mwaka 2022, nacho nilikitumia kusoma matangazo ya kazini na salamu za kwaya.

Kule Arusha siku ya kwanza nzima nilihangaika na kipanya. Wawezeshaji walikuwa vijana wenye heshima, ila walikwenda mbio. Siku ya tatu walikuwa wamefika kwenye marudio na masharti, yaani amri za "rudia" na "ikiwa", nami nilikuwa ninanakili kutoka kwenye skrini ya jirani yangu kama mtoto anayeibia mtihani. Kila walipouliza, "Tuko pamoja?" niliitikia na wenzangu, "Tuko pamoja." Siku ya tano nikapewa cheti. Mkuu wa shule amekitia fremu na kukitundika ofisini kwake.

Niliporudi nilikabidhiwa klabu ya kompyuta ya kila Jumatano yenye wanafunzi 46. Kipindi cha kwanza tulijifunza kuwasha, kuzima na kuandika majina, kikapita salama. Kipindi cha pili nilifungua Scratch, ile programu yenye paka anayefuata amri, nikamwamuru atembee na kugeuka nyuzi 90, arudie mara 4. Akachora mraba. Watoto walifurahi sana. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, sasa achore pembetatu." Nikasema hilo ni rahisi, pembetatu sawa ina pembe za nyuzi 60, kwa hiyo tunarudia mara 3 na kugeuka 60. Paka akachora kitu kisichofunga, kama bakuli lililoinamishwa. Nikafuta, nikarudia, likatokea bakuli lile lile. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote akizungusha daftari lake taratibu juu ya meza, akasema, "Samahani Mwalimu, jaribu 120." Nikaandika 120. Pembetatu ikafunga. Darasa zima likapiga makofi.

Mama Mshauri, mimi ni mwalimu wa Hisabati. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema umeme unasumbua, zimeni kompyuta, na tangu siku hiyo ufunguo wa chumba kile unakaa kwenye mkoba wangu. Kila Jumatano nina udhuru: leo umeme, kesho kikao, wiki nyingine mitihani. Watoto hupita dirishani kuchungulia kama nimefungua. Na kila mwisho wa mwezi, kwa miezi 3 sasa, nimejaza taarifa ya shirika kwamba vipindi 4 vimefanyika na wanafunzi 46 wamehudhuria. Mkuu wa shule hutia saini bila kuuliza, kwa kuwa ananiamini.

Sasa watu wa shirika watatutembelea mwezi ujao. Zaidi ya hayo, mkuu wa shule amependekeza niwe mkufunzi wa walimu wa shule jirani katika kata yetu, kazi ambayo ina posho. Tunaye pia mwalimu wa kujitolea, kijana wa miaka 24, anayezifahamu kompyuta vizuri. Aliniomba ufunguo mara mbili, nikamjibu kwamba vifaa viko chini ya dhamana yangu. Sidhani kama hajui ninachokificha, lakini hajasema neno.

Binti yangu aliyeko chuoni ananiambia nitazame video usiku, nitaelewa. Nimejaribu, bando linaisha kabla sijaelewa. Wakati mwingine ninafikiria kuomba ruhusa ya ugonjwa siku ya ugeni. Wakati mwingine ninafikiria kumwambia mkuu wa shule kila kitu. Je, nijifunze haraka na kunyamaza, au niseme? Na je, mtu wa umri wangu anaweza kweli kulijua jambo hili, au nafasi hii ilipaswa kupewa kijana tangu mwanzo?

Mwalimu wa Hisabati, Moshi Vijijini

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu na karatasi, nikamfuata yule paka hatua kwa hatua ili nione alikwenda wapi. Nimestaafu ualimu, lakini mkono haujastaafu.

Kwanza nieleze nilivyokuelewa, nawe utanisahihisha. Ulipelekwa kujifunza jambo jipya kabisa kwa siku 5, ukarudi na cheti kinachosema umelijua ilhali wewe mwenyewe ulijua hujalijua, na mara ya kwanza pengo hilo lilipoonekana mbele ya watoto, ukafunga mlango. Kisha, kwa kuwa mlango umefungwa na taarifa inadaiwa, ukaandika kwamba uko wazi. Hapo naona mizigo miwili iliyofungwa kwa kamba moja. Kutojua ni mzigo wa kwanza, na huo si kosa. Taarifa 3 zisizo za kweli ni mzigo wa pili, na huo ni kosa. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ninachokuomba ni uifungue kamba hiyo, kwa sababu katika barua yako unaona haya kwa kutojua kana kwamba nako ni udanganyifu, halafu swali la taarifa unalijibu kwa kujiuliza kama una akili ya kutosha.

Tuanze na pembetatu, maana umeipita haraka mno. Ulisema pembe ya pembetatu sawa ni nyuzi 60, na ulisema kweli. Lakini paka haipimi pembe kama wewe na mimi tunavyoipima kwa kipimapembe, tukiwa tumeinama juu ya umbo lililokwisha kuchorwa. Yeye anatembea juu ya mstari, na akifika kwenye kona hugeuka kutoka kule alikokuwa akielekea hadi kwenye njia mpya. 180 ukitoa 60 unabaki na 120, yaani pembe ya nje. Na jumla ya pembe za nje ni 360 kwa sababu mtu akikizunguka kihamba chake, yaani shamba lake la migomba, kwa mpaka wote, akarudi mahali alipoanzia na kutazama kule alikokuwa akitazama, atakuwa amegeuka mzunguko mmoja kamili. Hayo umewafundisha watoto kwa miaka 21. Aliyekuponza ni mraba, kwa sababu pembe yake ya ndani na ya nje zote ni 90, kwa hiyo ukiamuru kwa pembe isiyohusika unapata umbo sahihi na huambiwi kitu. Kijana wa miaka 24 anaweza kuvijua vitufe vyote vya kompyuta ile, lakini sina hakika kama angeweza kumweleza mtoto wa Kidato cha Kwanza kwa nini ni 120 na si 60, na kwa nini mraba haukusema.

Ninakuuliza basi, kwa upole: una hakika makofi yale yalikuwa ya kushangilia kushindwa kwako? Watoto waliona bakuli likitokea mara mbili, kisha wakaona umbo linafunga. Huenda waliyapiga kwa sababu limefunga.

Na yule kijana aliyekuwa akizungusha daftari mezani alikuwa akifanya jambo lenye historia ndefu. Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Afrika Kusini, alifanya kazi na mwanasaikolojia Jean Piaget kule Geneva kabla ya kuhamia Marekani katika chuo cha MIT. Mwaka 1967 yeye, Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, iitwayo Logo, ambayo ilikuja kujulikana sana kwa kobe wake anayekwenda mbele na kugeuka kwa amri. Mtoto aliyekwama aliambiwa asimame, ajifanye kobe, atembee lile umbo kwa miguu yake mwenyewe mpaka mwili umwambie amekosea wapi. Scratch, iliyotolewa na MIT mwaka 2007, ni mjukuu wa kazi hiyo, na paka wako ndiye aliyerithi kazi ya kobe. Papert alishikilia kwamba programu iliyokosea haifanani na hesabu iliyopigiwa mkasi, kwa kuwa ile inafunguliwa, inatazamwa, inatafutwa mahali ilipopotoka, halafu inajaribiwa tena. Kwa hiyo kipindi chako cha pili, kwa kipimo cha waliobuni njia hii, kilikuwa kinakwenda vizuri mpaka pale uliposema umeme unasumbua.

Najua haliwi rahisi kwa mimi kulisema hivyo nikiwa nimekaa barazani kwangu. Sisi tuliofunzwa ualimu zamani tulifundishwa kwamba mwalimu huingia darasani akiwa na andalio la somo lenye majibu yote, na mwanafunzi akimsahihisha mwalimu, darasa zima hunyamaza kusubiri litakalomkuta. Desturi hiyo haitoki kwa mafunzo ya siku 5. Hata Uingereza, mitaala ya shule za England ilipobadilishwa Septemba 2014 na watoto wakaanza kufundishwa uandishi wa programu tangu darasa la kwanza, walimu wengi waliozoea kufundisha matumizi ya programu za ofisini walijikuta mbele ya somo ambalo hawakuwahi kulisomea. Umri haukuwa hoja kubwa pale; hoja ilikuwa muda wa kujaribu, na mtu wa kujaribu naye.

Hapo ndipo ninapotilia shaka ushauri wa binti yako, ingawa ni mzuri. Video ya usiku inakurudisha Arusha: mtu anakwenda mbio, nawe unaitikia "tuko pamoja" peke yako sebuleni. Scratch inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ikafanya kazi bila intaneti, na katika sehemu ya kuchagua lugha Kiswahili kimo, kwa hiyo bando si kizuizi ukiwa na ufunguo wa chumba chenye kompyuta 12. Anza na unalolijua. Uwanja anamotembea paka ni grafu: kati ni (0, 0), mlalo unatoka -240 hadi 240, wima unatoka -180 hadi 180. Siku umeme ukikatika kweli, usiwarudishe watoto nyumbani. Waambie waandike amri za mgawaji wa maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba: ikiwa zamu ni ya jirani wa juu, acha, ikiwa amefunga, fungua kwako, endelea mpaka mgomba wa mwisho ulowe, kisha funga, umwite wa chini. Mpe mtoto mwingine azifuate amri hizo kama zilivyoandikwa, bila kuongeza akili yake. Mara nyingi kihamba cha mtu kitafurika, kwa kuwa aliyeandika alisahau neno "funga". Masharti na marudio yaliyokutoroka siku ya tatu yamo humo yote.

Mtu wa kujaribu naye nadhani unaye, nawe umemnyima ufunguo. Simlaumu wala sikulaumu, ila tazama jambo hili kwa upande wake. Ni mwalimu wa kujitolea, hana ajira, anakuita mama au dada mkubwa, na akikusema kwa mkuu wa shule atakuwa kijana mchongezi. Kwa hiyo ananyamaza, nawe ukimya wake unausoma kama tishio. Inawezekana ni staha tu. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, msingi wake ni walimu kukaa pamoja shuleni kwao na kufundishana, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba anayefundisha wenzake lazima awe mkubwa kwa umri. Akuonyeshe vitufe, wewe umwonyeshe namna ya kufundisha pembe. Ila hapa kuna hatari ambayo ningependa uiangalie mapema: kama yeye atafanya kazi na jina likabaki lako, na posho ikabaki yako, utakuwa umeongeza mzigo wa tatu. Akishiriki, atajwe.

Sasa taarifa. Umenipa njia mbili, kunyamaza na kusema, na ya tatu ya kuugua. Hiyo ya kuugua nitaisemea kidogo tu: wageni wakija na wewe hupo, watawauliza watoto, na watoto 46 hawana ruhusa ya ugonjwa.

Kujifunza haraka na kunyamaza kunavutia, kwa sababu mwisho wake unaonekana mzuri kwa wote: watoto wanafundishwa, wageni wanaridhika, wewe unajua. Na huenda ikapita hivyo. Lakini ungelazimika kufungua chumba kesho, na watoto wangejua, na kijana yule angejua, kwamba mwalimu alifungua kwa sababu ya wageni. Isitoshe, taarifa zile zingebaki kwenye faili. Shirika likizitumia kuamua shule nyingine zipewe nini, au ziongezewe nini, litakuwa linapanga juu ya vipindi ambavyo havikuwapo.

Kumwambia mkuu wa shule nako kuna gharama, na sitaki uingie ofisini kwake ukidhani machozi yatamaliza. Alitia saini, kwa hiyo linamgusa yeye pia, na mtu aliyeaibishwa bila kutarajia anaweza kuwa mkali kuliko kosa lenyewe. Wewe ni mtumishi wa umma, na taarifa isiyo ya kweli inaweza kuitwa suala la nidhamu. Kabla ya kwenda, unaweza kutafuta ushauri kwa mwakilishi wa chama chako cha walimu, au kwa mwalimu mstaafu unayemwamini, ujue unasimama wapi. Kwa upande mwingine, kuna tofauti kubwa kati ya mkuu wa shule anayesikia kutoka kwako wiki kadhaa kabla ya ugeni, huku mezani kuna ratiba ya vipindi na masahihisho ya taarifa, na yule anayesikia kutoka kwa mgeni huku amesimama chini ya cheti chenye fremu. Wewe unamfahamu mtu huyo, mimi simfahamu. Je, amewahi kuletewa kosa na mwalimu aliyekuja mwenyewe? Alifanyaje?

Ukufunzi wa kata ningeutenga kabisa na hayo. Unaweza kumwambia kwamba bado hujawa tayari bila kueleza jambo jingine lolote, na hilo ni kweli tupu. Pia unaweza kuukubali kwa masharti, kwamba mtakwenda wawili na kwamba utafundisha unachokijua tu, yaani jiometri kupitia paka. Lakini ujue kwamba mpaka sasa umeficha bila kupokea kitu. Ukipokea posho ya ujuzi ambao haupo, hesabu inabadilika, na siku ya kuisahihisha itakuwa nzito zaidi.

Hayo utayapima mwenyewe na mume wako, ambaye naona amefichwa bure. Lakini kuna jambo dogo lisilohitaji kusubiri uamuzi wowote. Jumamosi moja mwombe yule kijana mfungue chumba, ninyi wawili tu, bila watoto. Washa kompyuta moja. Andika tena amri zile zile zilizokuaibisha: rudia mara 3, geuka 60. Acha lile bakuli litokee, usilifute. Kisha 60 usiiguse kabisa. Ongeza idadi ya marudio, moja moja, na baada ya kila moja mtazame paka amefika wapi. Litakapofunga, hesabu pande zake, uniandikie ni umbo gani ulilokuwa umelianza siku ile ukaliacha nusu.